Ufizi wa Nonyana

Ha Mokoatsi, kupita Semonkong
Jumatatu, 17 Juni 1996

Dada yangu 'Makhauta,

Kaa kitako kwanza, maana ukisoma hii umesimama utaanguka na manesi watanilaumu mimi. Ndugu yako ana bahati. Sisemi bahati ya kuokota kisu njiani. Nasema bahati yenyewe, ile ambayo wengine huisikia kwa watu. Nilizaliwa nimetanguliza miguu, na mimi na mama wote tukapona. Nikashuka mgodini Welkom, mwamba ukaporomoka palepale nilipokuwa nimekaa, mimi nimetoka kwenda kukojoa. Nimefika Durban na kurudi na meno yangu yote. Na juzi Jumamosi bahati hiyohiyo imenipandisha juu ya farasi.

Unajua Jumamosi zilikuwa mbio za Semonkong. Nilikwenda kutazama tu, kofia kichwani, mikono mfukoni. Mara namwona Ntate Khoabane anakuja, yule jirani yetu wa ng'ambo ya kijito anayemsifu farasi wake Tlali mpaka chakula kinapoa. Mpandaji wake kaamka hajiwezi kwa pombe. Dada, Khoabane alivua kofia. Mbele yangu mimi! Akasema, Motlatsi, wewe umeiona dunia, nipandie. Nikampandia.

Sitakuchosha. Kwenye kona ya mawe, pale chini mtoni, walikuwa watatu mbele yangu. Tulipotoka kwenye kona, mbele yangu palikuwa na upepo tu. Nimepewa blanketi jipya, lile zito lenye michoro ya mahindi ya manjano. Ndilo nililojifunika sasa hivi nikiandika, na mkono unaona tabu kutoka nje kwa joto.

Nonyana wako hajambo, anakusalimu. Yupo bandani anakungoja, maana anajua barabara inaishia Semonkong, na toka hapo wewe na mtoto mtakuja nyumbani mgongoni mwake. Sijampanda hata siku moja, kama ulivyoniagiza. Simgusi ila kwa brashi.

Wewe usiwaze. Nesi akisema lala, lala. Kula vyao uvimalize.

Ndugu yako mwenye nyota,
Motlatsi

*

Nyumba ya Kungojea, hospitalini
Alhamisi, 20 Juni 1996

Mdogo wangu Motlatsi,

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la sufu, imekunjwa ndani ya kofia yake. Nimecheka mpaka nesi akaja kuuliza ni nini. Tuko wanawake kumi na mmoja humu, wote tunangoja siku zetu, na siku ni ndefu. Nikawasomea kwa sauti. Kuna mmoja anatarajia mapacha, aliiomba barua akalala nayo chini ya mto wake, eti bahati ya namna hiyo isilale bure. Sasa nadaiwa kila jioni, nisome tena pale Khoabane anapovua kofia.

Mimi mzima. Daktari ananikataza kutembea sana, ni kawaida yao. Kila asubuhi ananivuta kope la chini anachungulia, vilevile sisi tunavyowakagua kondoo wenye minyoo. Nikamwambia, Daktari, mimi si kondoo. Akasema, ukiwa na damu ya kutosha sitakuita kondoo.

Motlatsi, nimefurahi kwamba hukumpanda Nonyana. Baba aliponiachia mimi yule farasi nilijua iliuma, wewe ndiye mwana wa kiume. Hukununa, na sijawahi kukushukuru. Safari hii namtegemea. Unajua safari ya Khauta ilivyokuwa, mvua, mimi na mtoto mgonjwa kwa miguu toka barabarani, na tulivyochelewa. Nikishamshika huyu wa sasa nataka kupanda tu mgongo ninaoujua, nifike.

Mwambie mama mkwe wangu nakula.

Dada yako,
'Makhauta

*

Ha Mokoatsi
Alhamisi, 20 Juni 1996

Kwa Ntate Rapitse, Bwana Mifugo, Semonkong

Ntate, salamu nyingi na heshima. Mimi ni Motlatsi Sehlabo, yule mwenye kofia ya Durban, ulinichanjia mbuzi mwaka juzi na nikakutolea mzaha hukuucheka. Leo sina mzaha.

Nina farasi jike wa kijivu, miaka tisa. Si wangu, ni wa dada yangu. Tangu jana asubuhi anaumwa tumbo. Hali kitu. Anageuza shingo anautazama ubavu wake kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka humo. Anatoka jasho, na baridi yote hii, na masikio yake ni baridi kama kufuli.

Watu wa hapa wote wakasema ni upepo, na unajua kwetu upepo wa tumbo hutolewa kwa mbio. Nikamtandika. Tukammiminia chupa ya machicha ya pombe ya mtama iliyochanganywa na mafuta ya kupikia, kisha nikampandisha mbio kilima cha nyuma ya kanisa, kwenda na kurudi, mara tatu, huku wanaume wananishangilia na kusema mwache ajambe atapona. Mara ya tatu miguu yake ya mbele ilianza kutetemeka chini yangu. Nikashuka. Alisimama pale anahema kama amepanda toka bondeni mpaka juu ya Thaba-Putsoa, na kilima chenyewe ni kidogo tu.

Nikamfunua mdomo nimtazame meno, sijui kwa nini, labda nilitaka kufanya jambo. Ntate, ufizi wake ni mweupe. Sisemi umefifia. Mweupe kama bakuli.

Nimewauliza wazee wote wa hapa na hakuna anayejua maana yake. Tafadhali mrudishe aliyekuletea barua hii akiwa na jibu.

Motlatsi Sehlabo

*

Semonkong
Ijumaa, 21 Juni

Ntate Motlatsi,

Usimkimbize tena. Usimtembeze. Usimpeleke majini, mpelekee maji. Tandiko lisimguse.

Farasi mwenye upepo ufizi wake hauwi mweupe hivyo. Ukiwa kama bakuli maana yake damu imeondoka mahali pake. Ungeniandikia kwamba inatoka puani, au iko kwenye samadi, au chini ya mkia, ningejua imekwenda wapi. Hukuniandikia. Basi iko ndani. Kuna kitu kimepasuka na anavujia ndani ya tumbo lake mwenyewe, na kila ulipompandisha kile kilima ulikuwa unaipiga damu itoke zaidi. Sikulaumu, wanaume wa milima hii wote wangefanya hivyo, na farasi nimewazika kwa sababu hiyo. Ila sasa umeambiwa.

Nijibu haya, na unijibu kweli, maana dawa inategemea. Je, ameanguka, au amepigwa teke, katika siku kumi zilizopita? Je, amezaa mwezi huu? Je, kuna sumu ya panya aliyoweza kuila, kwenye ghala au kwenye magunia? Sumu ya panya inazuia damu isigande na ina sindano yake. Kuanguka hakuna sindano.

Weka vidole viwili chini ya mfupa wa taya, ndani, utausikia mshipa. Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Arobaini ni salama. Yakipita themanini, usimwache peke yake. Bonyeza ufizi kwa kidole na uachie, hesabu mpaka rangi irudi, kama kuna rangi.

Niko kwenye chanjo ng'ambo hii mpaka Jumatatu. Nitakuja Jumatatu.

Rapitse

*

Ha Mokoatsi
Jumamosi, 22 Juni

Ntate Rapitse,

Nimehesabu kwa saa yangu ya Durban, ambayo kwa mara ya kwanza tangu niinunue imenifaa kwa jambo lisilo la kuringa. Themanini na nane. Nikahesabu tena nikidhani nimekosea kwa sababu niliishia darasa la nne. Themanini na nane.

Sumu hakuna. Hajazaa. Ameanguka, Ntate. Aliteleza kwenye barafu pale kijitoni, Jumamosi iliyopita, yuko peke yake, mimi sikuwepo. Alinyanyuka akatembea vizuri, akala siku tatu nzima kama kawaida, ndiyo maana sikufikiria.

Nimemfungia kwenye banda la mawe, nimeziba dirisha kwa gunia, kuna giza na kimya. Nimewaomba wenye mbwa wawafunge. Nalala humohumo kwenye majani. Nikimsemesha anageuza sikio moja tu, la pili hana nguvu nalo.

Nikuambie kitu ili ujue unachokuja kutibu. Dada yangu yuko nyumba ya kungojea, hospitalini, ana mimba ya miezi nane ambayo daktari haipendi. Mtoto wake wa kwanza, Khauta, alikufa mwaka juzi. Walishuka barabarani mvua imeanza, Nonyana wakati huo nilikuwa naye mimi, nimemwazima bila kusema, nimekwenda kunywa. Akatembea na mtoto mgongoni kwa muda wa saa sita. Hajanisema hata neno moja mpaka leo. Mwaka huu amenikabidhi farasi mwenyewe, kwa mkono wake. Kwa hiyo Ntate, yule bandani kwangu si farasi. Nashindwa kuandika ni nini.

Dada asijue. Ukipita hospitalini kwa kazi zako, hujui lolote.

Motlatsi

*

Ha Mokoatsi
Jumamosi, 22 Juni 1996

Dada,

Hapa kheri tupu. Blanketi limekuwa maarufu, wanawake wananiuliza kama nimeoa. Khoabane ananiamkia kabla sijamwamkia. Nonyana anakula na kunenepa, ukirudi utahitaji ngazi.

Kuna jambo dogo, nakuuliza wewe kwa sababu baba alikufundisha wewe mambo ya farasi, mimi alinifundisha kutukana. Jirani mmoja hapa, si mtu unayemfahamu sana, ana farasi anayeumwa. Ufizi umekuwa mweupe. Ananisumbua kila saa eti mimi nimeona dunia. Nimwambie afanye nini? Ni kwa ajili ya kumnyamazisha tu. Ukiwa na nafasi.

Na kope zako je, bado Daktari anazichungulia? Mwambie ndugu yako anasema hakuna kondoo kwenye ukoo wetu, labda mjomba.

Wako,
Motlatsi

*

Nyumba ya Kungojea
Jumatatu, 24 Juni 1996

Ntate Motlatsi,

Usishangae mwandiko. Ni mimi, mama wa kitanda cha pili toka mlangoni, 'M'e Mathuso. Dada yako anasema, mimi naandika. Mkono wake umechoka kwa kulala, ndivyo anavyotaka niandike.

Anasema mwambie jirani yako asimtembeze farasi huyo hata hatua moja. Amfungie mahali pa giza na kimya, asimwache agaegae, maji karibu na mdomo, majani laini kidogo kidogo. Asimfunge kamba tumboni. Amfunike, maana atasikia baridi kutoka ndani. Asiingie bandani na watu wa kupiga kelele. Asilie karibu naye, farasi anasikia. Anasema baba yenu aliwahi kukaa na farasi wa namna hiyo siku kumi na mbili, na siku ya kumi na tatu ufizi ukawa kama ganda la ndani la kitunguu chekundu, na hapo ndipo baba alikwenda kulala.

Anasema mwambie jirani yako asiogope sana. Na mwambie anaujua woga wake.

Anacheka. Anasema nimalizie hapo nisaini jina lake.

'Makhauta

Ntate, haya ya chini hajaniambia niandike, nayaandika nikiwa nje kwenye ngazi. Dada yako anatoka damu tangu Jumamosi. Leo kidogo, jana nyingi. Kondo la nyuma limekaa kwenye mlango wa kizazi, ndivyo nilivyosikia Daktari anavyomwambia nesi, na hawataki kumpasua kabla mtoto hajakomaa, ila ikizidi watampasua hivyohivyo. Amekatazwa kuinuka hata kwenda msalani. Hataki ujue. Kope zake, mimi si nesi, lakini nimeziona. Tafadhali usimletee habari mbaya ya aina yoyote. Ile barua yako ya mbio ameichukua tena kutoka kwa mama wa mapacha, sasa iko chini ya mto wake mwenyewe.

*

Ha Mokoatsi
Jumatatu, 24 Juni

Ntate Motlatsi,

Nimesimama mbele yako nusu saa nikisema, na muda wote ulikuwa unatazama ukuta. Najua hukusikia. Kwa hiyo nayaandika, ukitulia usome.

Nilimnyoa mahali padogo chini ya tumbo nikachoma sindano ndefu. Umeona kilichotoka. Niliiweka kwenye glasi dirishani ili uione: haikuganda. Damu ya mshipani ingeganda. Ile iliyokaa tumboni muda imeshapoteza nguvu ya kuganda, ndivyo tunavyojua haikutoka kwenye mshipa niliouchoma kwa bahati mbaya. Tumbo lake limejaa hiyo.

Upande wa kushoto, juu ya mbavu za mwisho, chini ya manyoya marefu ya baridi, kuna mchubuko uliokauka wenye umbo la jiwe. Bandama ya farasi iko hapohapo. Ilipata ufa siku aliyoanguka, damu ikajikusanya ndani ya ngozi yake kama maji kwenye mfuko, siku ya nne mfuko ukapasuka. Ndiyo sababu alikula siku tatu ukadhani mzima.

Mapigo sasa ni tisini na mbili. Kumpasua huku juu haiwezekani, na hata mjini wengi hufia mezani. Tumbo likishajaa lenyewe hubana ule ufa, na ufa hujifunga kama akiachwa bila kutikiswa. Hiyo damu ya tumboni tusiitoe, mwili wake utaila tena taratibu. Lakini hiyo iliyobaki kwenye mishipa haimtoshi. Anahitaji kupewa ya mwingine. Nataka farasi dume aliyehasiwa, mkubwa, mwenye afya, ambaye hajawahi kuongezewa damu. Lita saba. Katika kijiji hiki nimemwona mmoja tu, Tlali wa Ntate Khoabane. Nenda ukamwombe. Nakwenda Semonkong kuchukua chupa na dawa ya kuizuia damu isigande njiani, nitarudi Jumatano kama theluji itaniruhusu.

Nilikuwa Semonkong siku ya mbio. Nilisimama kwenye kona ya mawe. Kuhusu barafu ya kijitoni sikuulizi tena, mgonjwa wangu ni farasi. Hayo mengine ni yako na dada yako.

Rapitse

*

Ha Mokoatsi
Jumatano, 26 Juni 1996, asubuhi

Dada,

Nimepata barua yenye mwandiko wa 'M'e Mathuso. Mwandiko mzuri, kuliko wako. Mwambie nimesema asante, kwa mistari yote.

Jirani ametii. Farasi wake amesimama gizani, amefunikwa blanketi mbili, hatikisiki. Nimekaa naye, huyo jirani, kwa sababu anaogopa kukaa peke yake. Ni mtu mwoga sana, sikujua. Anaweka vidole chini ya taya ya yule farasi anahesabu, akimaliza anaanza upya, na midomo yake inakwenda kama ya bibi kizee kanisani. Anasema akilala mapigo yatasimama, eti yeye ndiye anayeyasukuma kwa kuhesabu. Nikamcheka kidogo nikaacha.

Theluji imeanza kuanguka tangu alfajiri. Kuna mtu anamngojea mtu atoke Semonkong na chupa, na njia ya juu haionekani. Barua hii nitaiacha dukani, sijui lori litapanda lini.

Sikiliza, dada. Kuna jambo moja nimejifunza wiki hii kwa huyo jirani nami nakuamuru kama ningekuwa kaka yako mkubwa. Lala. Usiinuke kwa ajili ya mtu. Usicheke kwa nguvu, hata barua zangu soma nusu. Wakuzibie dirisha. Kitu kilichopasuka ndani hujifunga kikiachwa kimya, Bwana Mifugo ndivyo alivyosema. Kuhusu farasi, nasema.

Mimi sijambo. Blanketi langu lina joto.

Motlatsi

*

Hospitalini
Jumanne, 16 Julai 1996

Motlatsi,

Uone mwandiko, ni wangu, umelegea lakini wangu.

Nilizirai siku ya Alhamisi ile ya theluji. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka shuka ilikuwa ya moto na mimi nilikuwa baridi. Nakumbuka nesi anakimbia, na humu hakuna anayekimbia. Walinipasua. Wakaniwekea chupa tatu za damu ya watu nisiowajua, na moja ni ya dereva wa lori la sufu, alikwama na theluji nje ya geti, wakamwomba akatoa mkono. Nikimwona sasa najisikia kama ndugu yake.

Mtoto ni wa kike. Ana kilo mbili kasorobo na anapiga kelele kama wewe. Barabara imefunguliwa juzi, ndipo nimepata barua yako ya tarehe ishirini na sita. Nimeisoma yote, si nusu.

Najua jirani ni wewe. Nilijua tangu barua ya kwanza ya jirani. Hujawahi kuwa na jirani usiyemtaja jina na kumtukana. Sikukuambia kwa sababu nilidhani ukijua ninajua utaacha kuandika, na nilitaka barua. Tumbo humpata farasi yeyote, Motlatsi, si kosa la mtu. Kama Nonyana amekufa niambie tu. Nimeshalia ya kutosha, hilo litaingia humohumo.

Mama mkwe wangu ameleta ujumbe kwamba jina la mtoto huyu ananiachia mimi, kwa niliyoyapitia. Baba yake kule Welkom amekubali. Nimeamua. Usiku ule waliponipeleka chumba cha kupasulia nilimwomba 'M'e Mathuso anisomee ile barua yako, ya kona ya mawe na upepo, na akasoma huku anatembea kando ya kitanda mpaka mlango ukafungwa. Nikasema moyoni, kama ndugu yangu alitoka kwenye kona ile, nami nitatoka. Nimetoka. Kwa hiyo ataitwa Lehlohonolo, Bahati, na akikua nitamwambia ni bahati ya nani.

Niambie jinsi ya kurudi nyumbani.

Dada yako,
'Makhauta

*

Ha Mokoatsi
Jumatatu, 22 Julai 1996

Dada yangu,

Habari ya mtoto ilinifikia kabla ya barua yako. Nilikuwa naziba nyufa za banda nikashtukia ndoo nzima ya maji ya kijitoni kichwani, na vipande vya barafu vinaelea humo. Wanawake kumi wako nyuma yangu wanacheka. Ndivyo nilivyojua ni msichana, kwa desturi angekuwa wa kiume ningepigwa fimbo. Nikawauliza, hamna aibu, baba yake si mimi, yuko Welkom. Mama mkwe wako akanijibu, "Welkom ni mbali na maji yatapoa. Wewe ndiye uliye karibu." Niliugua mafua siku nne. Nilisimama pale nikidondoka maji na nikalia, wakadhani ni maji.

Nonyana yu hai. Naanza na hilo. Jana nilimfungulia mdomo kwenye mlango wa banda palipo na mwanga. Ufizi wake ni kama ganda la ndani la kitunguu chekundu, vilevile baba alivyosema. Mapigo arobaini na manne. Bwana Mifugo amesema miezi miwili mingine asibebe hata gunia tupu, kisha polepole. Kwa hiyo hatakuja kukuchukua yeye. Utapanda Tlali, na Tlali nitamwongoza mimi kwa miguu kamba mkononi, toka barabarani mpaka mlangoni kwako, na mvua ikinyesha nitakufunika.

Sasa utauliza Tlali kaingiaje.

Alhamisi ya theluji, siku hiyohiyo yako, Ntate Rapitse alifika, siku moja baada ya siku yake, barafu kwenye ndevu, chupa amezifunga ndani ya blanketi lake kama watoto. Nonyana alikuwa amefika mapigo mia na manne na ameanza kuyumba. Nilipaswa kuwa nimeshamwomba Khoabane tangu Jumatatu. Sikuwa nimemwomba. Siku tatu nilikaa nahesabu mapigo kwa sababu kuhesabu kulikuwa rahisi kuliko kuvuka kile kijito. Rapitse alifungua mlango akaushika wazi, theluji inaingia.

Nikavuka. Khoabane alikuwa anakunywa uji. Nilisema ninachotaka. Alimaliza bakuli lake, kisha akasema, "Damu ya mshindi. Sawa. Labda mwakani jike lenu litajua jinsi ya kutoka kwenye kona ile."

Akamleta Tlali mwenyewe. Akamshika kichwa huku Bwana Mifugo akichoma mshipa wa shingo, chupa baada ya chupa, na yule farasi anayepiga teke hata kivuli alisimama kama yuko kanisani. Wakamwekea Nonyana kidogo kwanza, wakangoja waone kama atatetemeka. Hakutetemeka. Wakamwekea yote. Ilipofika chupa ya nne aligeuza masikio yote mawili, dada. Mawili. Khoabane alipoliona hilo alitoka nje akasema moshi umemwingia machoni. Hakukuwa na moto bandani.

Umesoma maneno yake. Umeshaanza kujiuliza, kona gani, mshindi gani, jike lipi.

Nimeianza barua hii mara tano na kila mara niliishia kwenye ndoo ya maji kwa sababu hapo ningeweza kusimama na wewe ungecheka. Umeshanisamehe tumbo la farasi. Ningenyamaza, na Ntate Rapitse angenyamaza, ameniambia. Lakini utamwita mtoto jina lile kila siku, nami nitamsikia unamwita, na yeye atakuja akinikimbilia akiitika.

Kwa hiyo soma hii umekaa kitako.

Khoabane hakuvua kofia. Aliyevua kofia ni mimi, Alhamisi ile, mlangoni kwake, theluji kichwani. Mpandaji wake hakuwa amelewa, ndiye aliyeshinda. Blanketi la mahindi ya manjano liko kwa Khoabane, mimi nimejifunika lile la zamani lenye tundu, unalijua. Nilimtandika Nonyana Jumamosi ile alfajiri, nikampanda mpaka Semonkong, nikamwingiza kwenye mbio, na kwenye kona ya mawe nikampiga kiboko ili apite ndani. Alianguka na mimi juu yake, ubavu wa kushoto kwenye jiwe. Wote walitupita.

Mpe mtoto jina lingine.

Sikushinda, dada. Sina bahati yoyote. Nilidanganya.

Motlatsi